Kigari Chenye Tika

Kabati halikuvunjwa. Kioo kilikuwa kizima, na ufunguo ulining'inia mahali pake pa siku zote, nyuma ya picha ya Vishwakarma, mungu wa mafundi, ambapo kila mtu wa Manedara anapajua na mgeni akiuliza huonyeshwa. Lakini kwenye rafu ya juu, kati ya kigari cha bluu na kigari cha kijivu, palikuwa na pengo, na mbele ya pengo kitambaa cheupe cha heshima kilikuwa kimelala vile vile kilivyowekwa mwaka jana.

Mzee Phintso Yolmo alisimama akilitazama pengo lile, bakuli la maji ya uvuguvugu mkononi. Ilikuwa asubuhi ya tarehe kumi na sita Septemba, mkesha wa sikukuu, naye alikuja kuviosha vigari vyake. Hakupiga kelele. Aliweka bakuli chini, akatoka nje ya mkahawa wa madereva, akavuka barabara huku akivuta goti lake bovu, akaingia kituo kidogo cha polisi na kumwambia Sajini Nirupa Khaling, "Mwanangu, Birkha ameibwa."

Birkha Basnet alikuwa amekufa miezi kumi na mmoja iliyopita, na majivu yake yalikwenda na mto. Hata hivyo Nirupa hakuuliza mara mbili. Alivaa kofia yake akamfuata mzee.

Manedara ni mji wa Landrova. Ni magari makuukuu, mengi yana umri mkubwa kuliko wanaoyaendesha, na bila hayo hakuna mgeni anayepanda hadi kileleni Sandakphu wala gunia la viazi linaloshuka. Mzee Phintso aliendesha moja hadi goti lilipomkatalia. Tangu hapo akawa anakusanya vigari vya kuchezea, vile vya chuma cha kumiminwa kiwandani, virefu kama kidole cha kati. Landrova tu. Ukimletea jipu la aina nyingine atakushukuru, kisha utalikuta kwa watoto wa jirani.

Na hakuvikusanya kama wenzake wa mjini wanavyokusanya. Kila kigari alikichuna rangi ya kiwandani, akakipaka upya kifanane na gari fulani la Manedara: rangi ile ile, namba ile ile, na bonyeo lile lile mlangoni. Gari likibadilika, na kigari kilibadilika. Siku Dambar Subba, mwenyekiti wa chama cha madereva, alipopasua taa ya kulia kwa kugonga ng'ombe, kigari chake kilikuwa chongo kabla ya chai ya jioni. Madereva walimcheka mzee, lakini hapakuwa na hata mmoja aliyekunywa chai pale bila kulitupia jicho gari lake kabatini.

Kilichopotea kilikuwa cha rangi ya maziwa, ringi nyekundu. Gari lenyewe lilitumbukia korongoni Oktoba iliyopita, kwenye kona waiitayo Kona ya Mwerezi, Birkha akiwa peke yake ndani. Mangal Ghising, katibu wa chama cha madereva, ndiye aliyemkuta. Alisema marehemu alinuka gongo la ulezi, nguo zimelowa, na askari aliyekuwapo kabla ya Nirupa akaandika kwamba dereva alikuwa amelewa. Tangu siku hiyo Mzee Phintso aliweka kitambaa mbele ya kigari kile, na hakuna aliyekigusa.

Nirupa alikuwa na sababu ya kutolichukulia jambo hili kama mchezo wa watoto. Chama kilikuwa na mkutano tarehe kumi na nane, na ajenda yake ilikuwa moja: Sunkesari, mjane wa Birkha, ameomba zamu ya mumewe ya kupakia stendi. Desturi ya chama ni kwamba dereva akifa kazini zamu yake humwendea mkewe, isipokuwa kama amekufa mlevi. Marehemu baba yake Sunkesari alikuwa amemwachia Landrova nzima, na kuendesha alifundishwa na Birkha mwenyewe, lakini Manedara gari lisilo na zamu ni banda la kuku. Madereva wengi walimwonea huruma. Walikuwa karibu kufumba macho wampe. Mwizi wa kabati la mzee, hata hivyo, wasingempa hata nafasi ya kuosha vioo. Na Sunkesari ndiye aliyeingia mkahawani kila alfajiri, kabla ya watu, kupeleka momo zake, vimfuko vya unga vyenye nyama vipikwavyo kwa mvuke.

Mtuhumiwa wa kwanza, hata hivyo, alikuwa mwingine, na wote walimtaja kwa pamoja kama wimbo wa shule. Bwana Subir Lahiri, mkusanyaji kutoka Kolkata, alikuwa amefika juzi kwa ajili ya kabati lile tu. Jana jioni alisimama mbele yake hadi chai ikapoa, akiguna kama mtu anayetazama maiti ya ndugu. Nirupa alimkuta nyumba ya wageni akila mayai. Kabla hajaulizwa, alifungua begi lake na kulimwaga kitandani: soksi, glovu nyembamba za pamba, kamera, dawa ya tumbo. Kigari hakikuwamo.

"Afande, nikuulize," alisema Lahiri. "Ungekuwa mwizi wa kuku, ungeiba aliye hai au aliyekwisha kukaangwa?"

Nirupa alimjibu kwamba inategemea njaa.

"Basi vya mzee yule vimekaangwa vyote. Kwetu sisi, kigari kikichunwa rangi ya kiwandani kimekufa, na boksi lake kalitupa! Nilitaka kulia. Lakini rafu ya chini kabisa kipo kimoja hajakigusa, cha kijivu, cha zamani sana, kimo ndani ya boksi lake kama siku ya kwanza. Hicho ningekiiba. Nimekiota usiku. Nenda katazame kama hakipo."

Nirupa alikuwa ameshatazama. Boksi lilikuwapo, na ndani yake kigari. Mwizi aliyeujua ufunguo aliacha cha thamani akachukua ambacho mjuzi wa vitu hivi hawezi kununua. Basi hakukitaka kama kigari.

Alimuuliza Lahiri walizungumza nini jana na mzee. Lahiri akasema alimwomba ruhusa ya kuvipiga picha, na mzee akakubali, mradi wasubiri mwanga wa asubuhi. Shida ni kwamba vigari vyote vinatazama upande mmoja, ubavu wa kulia kwenye kioo na wa kushoto ukutani. Yeye alitaka kuvitoa, kimoja kimoja, na kuvipiga pande zote.

"Hayo uliyasema mbele ya nani?"

"Mbele ya mkahawa mzima. Mwenyekiti alikuwapo, na katibu, na madereva watano sita, na yule mama wa momo alikuwa anakusanya vyombo vyake. Mimi sinong'oni, Afande."

Hilo lilikuwa kweli. Nirupa alimshukuru, akamwomba asiondoke Manedara hadi mkutano uishe.

Nirupa alimkuta Sunkesari jikoni kwake, akikunja momo. Alivaa nyeupe tupu, mikononi hana hata bangili moja, na paji la uso wake lilikuwa wazi, kama linavyokuwa la mjane wa ukoo wa Basnet hadi mwaka utimie. Alijibu maswali bila kuacha kukunja. Ndiyo, aliingia mkahawani alfajiri. Hapana, hakutazama kabatini. Alichelewa, akapita mbio.

"Watu wanasema umekichukua kwa uchungu," Nirupa alimwambia.

"Nikichukue cha nini? Kila siku nilikuwa namwona bure."

Alisema hivyo na machozi yakamtoka hapo hapo, akayafuta kwa kiwiko maana vidole vilikuwa na unga. Nirupa alimwamini. Lakini imani ya askari haikubaliwi kama ushahidi, hata Manedara.

Nje alimkuta Mangal Ghising akimngoja, mtu mpole, mwenye sauti ya chini, ambaye hajawahi kugombana na mtu stendi. Akamwambia kwamba shemeji ana majonzi, na kama kweli amekichukua wao madereva wamsamehe tu, yaishe. Ila mkutano lazima utauliza. Nirupa alisema atalizingatia hilo.

Kesho yake ilikuwa sikukuu. Siku ya Vishwakarma, Manedara hakuna chombo kinacholala njaa. Mshonaji huipaka cherehani yake tika, alama nyekundu ya baraka, na kinyozi mkasi wake, na Landrova huoshwa hadi chini ya tumbo, zikavishwa maua ya njano, kisha kila dereva akapaka boneti ya gari lake alama nyekundu kwa kidole gumba. Unga ule mwekundu madereva huukoroga na mafuta ya haradali, kwa sababu ukungu wa huko juu huosha tika ya kawaida kabla hujafika kona ya tatu, na kupanda bila tika siku kama ile hathubutu hata anayejidai hana dini. Nirupa mwenyewe alilipaka jipu la kituo. Mzee Phintso alikaa mbele ya kabati na njiti ya kiberiti, akavipaka vigari vyake kimoja kimoja, akaliruka pengo.

Saa sita mchana, Mwenyekiti Subba alikuja kituoni na madereva kadhaa. Walikuwa wameamua, wenyewe kwa wenyewe, kwamba kila aliyeingia mkahawani alfajiri ile apekuliwe mbele ya watu, ili mkutano wa kesho usiwe na kinyongo. Wazo lilikuwa la katibu. Nirupa hakuwa na sababu ya kukataa. Walipekua kwa mpika chai, wakapekua kwa mfagiaji, wakafika kwa Sunkesari, ambako banda lilijaa watu wanaokula momo za sikukuu. Pipa la unga lilikuwa karibu na mlango, kila anayeingia hulipita. Mwenyekiti alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa na kigari.

Alikikung'uta. Kilikuwa cha rangi ya maziwa, ringi nne nyekundu, na kwenye boneti kulikuwa na alama nyekundu iliyoshikwa na unga.

Sunkesari alikitazama, akakaa chini kwenye kigoda. Alisema hajui kimefikaje, mara moja tu, kwa sauti ndogo. Madereva waliondoka mmoja mmoja bila kumtazama. Wengine waliacha sahani nusu, na hilo, kuacha chakula cha mkono wake, ndilo lililomuuma kuliko yote. Mangal alitikisa kichwa kwa masikitiko akasema lisemwalo lipo.

Nirupa alikifunga kigari katika leso akarudi nacho kituoni. Alikiweka mezani, akakaa mbele yake, akajiuliza kinachomkera ni nini. Alipita tena kichwani katika banda lile: mvuke, masufuria, watu, jiko. Jiko. Siku hiyo kila mpishi wa Manedara alikuwa amelipaka jiko lake tika, na jiko la Sunkesari lilikuwa tupu. Mwanamke aliye katika mwaka wa matanga hagusi unga mwekundu, si usoni, si jikoni, si popote. Miezi kumi na mmoja amekaa na paji tupu, halafu apake tika kigari cha wizi na kukizika kwenye unga?

Akakiinua na kukinusa. Haradali.

Basi aliyekipaka alikuwa dereva, na alikipaka leo asubuhi. Na kwa nini mtu apake tika kitu anachokwenda kukificha ili mwingine aitwe mwizi? Hapo hapakuwa na akili hata kidogo. Lakini Nirupa alikuwa ameona kazini kwamba mtu mwenye hila, akifanya jambo lisilo na akili, hulifanya kwa mazoea au kwa hofu.

Alivuka barabara hadi kwa Mzee Phintso kabla jua halijazama. Mzee alikipokea kigari kwa mikono miwili. Akakigeuza huku na huku, akapitisha kidole gumba juu ya paa, ubavuni, kwenye magurudumu. Kwenye gurudumu la mbele, kushoto, kidole kilisimama.

"Hii si rangi yangu," alisema. "Yangu imekauka mwaka mzima. Hii bado inanata. Tena hili halikuwa jekundu."

"Lilikuwa rangi gani, mzee?"

"Kijani. Siku ile asubuhi Birkha alipita hapa mlangoni. Matatu mekundu, na la mbele kushoto kijani. Nikabadilisha la kigari mchana. Jioni wakaja kutuambia ameanguka."

Nirupa alimuuliza, kwa upole maana alikuwa mzee, mbona mwaka mzima hakulisema.

"Nani aliniuliza? Hapa watu huazimana magurudumu kama majirani wanavyoazimana chumvi. Niliona gari lake, nikalifanya lilivyo. Sikuwaza, mwanangu." Akalipapasa tena gurudumu. "Laiti ningewaza."

Manedara kila dereva ana rangi yake ya ringi, na hawaigani. Nirupa alihitaji kuuliza swali moja tu, kijani ni cha nani, na jibu alilijua. Alimwomba mzee afunge mdomo hadi kesho.

Asubuhi ya tarehe kumi na nane alishuka kwa kamba Kona ya Mwerezi. Mabaki ya gari la Birkha yalikuwa bado pale, hakuna aliyethubutu kuchukua hata parafujo. Gurudumu la mbele kushoto halikuwapo. Wote walisema lilinyofoka kwa kishindo likaenda mtoni. Nirupa alipiga magoti akaichunguza ekseli. Misumari mitano ya kufungia gurudumu ilikuwa imenyooka, yote mizima, haina nati hata moja. Gurudumu linalonyofoka huvunja misumari au huipinda. Hili lilifunguliwa kwa spana, taratibu, na mtu aliyekuwa na nafasi.

Mkutano ulianza saa nane mchana katika mkahawa. Madereva walikaa kwenye mabenchi, Lahiri kwenye kona na kamera yake, Mzee Phintso karibu na kabati. Sunkesari alisimama mlangoni na vazi lake jeupe, hakuna aliyempisha mahali. Mwenyekiti alifungua kwa kusema suala la zamu sasa ni kama limejijibu lenyewe. Nirupa akaomba aseme kwanza.

Aliweka kigari mezani, akawauliza jambo ambalo mtoto angelijibu: siku ya Vishwakarma, gari lililo mikononi mwako unalifanya nini?

Walitazamana. Mwenyekiti akasema unalipaka tika, swali gani hilo.

"Na mjane aliye matangani?"

Nirupa alimwita mzee mmoja wa madereva akinuse kigari. Yule akanusa, akasema ni ya mafuta. Ni tika yetu hii, akasema, kisha akaonekana anatamani asingesema.

Nirupa aliwaeleza yaliyobaki bila haraka. Aliyekiiba alifanya hivyo baada ya kusikia kwamba vigari vitapigwa picha pande zote. Hakutaka kigari, alitaka upande wa kushoto usionekane. Alilipaka gurudumu moja rangi nyekundu, kisha akakitia kwenye unga wa Sunkesari, ili kikipatikana kiwe hakina neno, na mwanamke awe mwizi. Angekiacha kabatini, pengine wapita njia wote wangekitazama na wasione kitu. Kisha akamwomba Mzee Phintso aseme gurudumu lile lilikuwa rangi gani.

Mzee alisema. Madereva wote waligeuka, kwa pamoja, kumtazama Mangal Ghising.

Mangal alitabasamu kwa upole wake ule ule. Alisema mzee ana miaka sabini na nane. Alisema Birkha huenda aliazima gurudumu kwake, hakumbuki, mbona watu huazimana kila siku. Nirupa akamjibu kwamba hilo ni sawa kabisa, na kwa kuwa lililoazimwa hurudi, basi watoke nje wakatazame.

Gari la Mangal lilikuwa stendi, limevaa maua, ringi zake za kijani zinang'aa. Mwenyekiti Subba alichukua bisibisi akakwaruza magurudumu manne. Chini ya kijani kulikuwa na chuma. Akapanda kwenye bampa, akakwaruza la tano, la spea, lililofungwa juu ya boneti. Chini ya kijani kulikuwa na wekundu.

Sunkesari alisogea hadi karibu. Akaugusa ule mkwaruzo. "Rangi hii nilimchagulia mimi," alisema. "Alitaka njano."

Mangal hakukimbia. Angekwenda wapi, barabara ni moja. Alikaa kwenye bampa la gari lake, na sauti yake ilipotoka haikuwa tena ya chini.

"Tairi langu lilikuwa kipara," alisema. "Nilikuwa na wageni wa kupandisha kileleni, na mvua ilikuwa imeanza. Birkha siku ile alikuwa na safari ya bondeni tu, viazi. Akanipa lake zuri, nikampa langu. Tulikubaliana jioni turudishiane. Mchana akanipigia simu. Anasema kuna mgonjwa huko juu anatapika damu, watu wanamlilia aje, na kwa tairi lile hawezi, nimrudishie lake. Nilikuwa nakula na wageni. Nikamwambia asubiri."

"Hakusubiri," alisema Nirupa.

"Mgonjwa angesubiri? Nilipokuwa nashuka nikaona mawe ya ukingoni yameng'oka. Nikateremka. Alikuwa amekwisha kufa, naapa. Nilikaa naye. Halafu nikaliona lile tairi, kipara kama kiganja, rangi yangu. Mnaijua sheria yetu: ukiazima gurudumu, mwenyewe akilitaka, unarudi nalo hata kama uko harusini. Mngenifukuza. Mngesema nimemuua. Nikalifungua, nikalitupa mtoni."

"Na gongo?"

Mangal aliitazama mikono yake.

"Nilikuwa na chupa garini. Nilimmwagia mimi. Birkha hakunywa."

Mtu mmoja nyuma alitukana kwa sauti ya kupasuka, na wenzake wakamshika. Sunkesari hakufanya chochote. Alikuwa bado ameweka mkono juu ya gurudumu lile.

Lilibaki swali moja, na Nirupa aliliuliza kwa sababu alitaka kujua. Ungekuwa huru, alimwambia. Kila kitu ulikipanga. Tika ulipaka ya nini?

Mangal alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavuta pumzi.

"Nilikuwa nacho mfukoni tangu juzi, Afande. Gari la mtu aliyekufa, siku ya Vishwakarma, nami nina wageni wa kupandisha asubuhi ile. Ningepitaje Kona ya Mwerezi na gari lisilo na tika?"

Hakuna aliyecheka. Madereva walitazama chini, kwa maana hapakuwa na hata mmoja ambaye asingefanya vile vile.

Nirupa alimchukua Mangal hadi kituoni, na gurudumu likaenda pamoja naye kama kielelezo. Aliporudi, mkutano ulikuwa umeketi tena, na safari hii Sunkesari alikuwa amepewa benchi. Mwenyekiti Subba alimwambia zamu ni yake kuanzia leo, wala hakuna haja ya kupiga kura. Akamuuliza kama kuna jambo jingine analotaka kwa chama.

"Mwaka mzima mmekuwa mkinikwepa njiani mkidhani mimi ni mke wa mlevi," alisema Sunkesari. "Nataka mseme. Mmoja mmoja. Hapa, nisikie."

Mwenyekiti alisimama, akavua kofia. "Birkha hakuwa amelewa, shemeji." Akakaa. Aliyefuata akasimama, akasema vile vile. Waliendelea hadi benchi la mwisho, wengine kwa sauti kavu, wengine wakilia wazi, na mpika chai, ambaye si mwanachama, naye akasimama akasema. Sunkesari aliwasikiliza wote hadi mwisho.

Asubuhi iliyofuata Bwana Lahiri alipita mkahawani na mizigo yake kuaga. Alimkuta Mzee Phintso mbele ya kabati. Kigari cha Birkha kilikuwa kimerudi nyuma ya kitambaa chake, gurudumu la mbele kushoto likiwa kijani tena, na safari hii ubavu huo ndio uliotazama kioo. Kigari cha Mangal hakikuwa na spea juu ya boneti. Lahiri alivipiga picha, kisha akakohoa, akasema yuko tayari kutoa bei yoyote kwa ajili ya kile cha kijivu kilichomo kwenye boksi.

Mzee alisema samahani, hicho kimepata mwenyewe. Akachukua kisu, akalipasua boksi lile la zamani, akatoa kigari ambacho hakikuwahi kuguswa na mkono wa mtu, akakitumbukiza kwenye kopo la dawa ya kuchuna rangi. Lahiri aligeuza uso akatazama ukutani. Sunkesari alikuwa anaingia na momo za asubuhi, na mzee akamwita aje aseme gari la baba yake lina rangi gani.

"Kahawia," alisema. "Ringi zifanye nyekundu. Zangu nitazipaka leo."